Dereva wangu anataka nimpe mkojo wangu

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni utingo wa lori la masafa marefu, nina miaka 24, na huu ni mwaka wa tatu niko na dereva mmoja. Jina lake naomba nisilitaje. Namwita Mzee, ingawa hajafika hamsini. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya gari, tunasubiri zamu ya kushusha mzigo, yeye amelala.

Kwanza ujue simchukii. Nilipoanza kazi sikujua hata kufunga turubai, upepo ulikuwa unaninyang'anya. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaza mikanda, kugonga matairi kwa nyundo na kusikiliza lipi limepungua upepo, na kuongea na watu wa mizani bila kugombana nao. Mama yangu alipolazwa, pesa ya hospitali ilitoka mfukoni mwake na hajanikumbusha hata siku moja. Kwa hiyo haya ninayoyaandika, najiona kama mtu anayemsengenya baba yake.

Tatizo ni vidonge na pombe. Vidonge ni vya kufukuza usingizi, vidogo, vyeupe, vina mstari katikati. Ananunua kwa madereva wenzake kwenye maegesho, vimefungwa kwenye nailoni. Zamani alikuwa anameza kimoja tukiwa na mzigo wa haraka. Sasa ni viwili kila usiku, na kingine kabla hakujapambazuka. Akishameza anachangamka, anaongea, anaimba, anasaga meno mpaka nayasikia. Tukifika hapati usingizi, anagaagaa tu kwenye kitanda cha nyuma ya siti, basi anakunywa pombe kali ili azime. Kale kachupa ka robo lita anakamaliza peke yake, na siku hizi kamoja hakamtoshi. Akizima anakoroma kama dizeli asubuhi ya baridi, halafu ghafla kimya. Nimewahi kuhesabu, nikafika kumi na nane. Ndipo anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, anaanza upya. Akiamka mikono inatetemeka mpaka ufunguo unatafuta tundu. Anapiga vifuniko viwili, mwenyewe anaita kuzimua, mikono inatulia, tunaondoka.

Wiki mbili zilizopita, kama saa tisa usiku, tulikuwa kwenye barabara iliyonyooka, mbele hakuna gari. Akaniambia, "Mwangalie yule mama, mtoto mgongoni, anavukaje saa hizi?" Nikaangalia. Hapakuwa na mtu. Yeye akapunguza mwendo, akampisha, akapiga honi fupi ya adabu. Mjomba, mwili ulinisisimka. Hazikupita dakika kumi, matairi ya kushoto yakaanza kulia kwenye kokoto za pembeni. Nikapiga kelele, akaurudisha usukani. Akacheka. Akasema, "Ndiyo maana nina utingo."

Kuna siku anakuwa amelewa sana, ananiachia mimi gari. Leseni ya gari kubwa sina. Huwa naendesha usiku tu, mwendo wa pole, na mara mbili tatu nimemeza nusu kidonge kwa sababu na mimi nakuwa sijalala. Vidonge vyenyewe navitunza mimi, kwenye kiberiti mfukoni, maana trafiki wakipekua wanaanza na dereva.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Tajiri ametangaza kwamba mwezi ujao madereva wote watapimwa pumzi na mkojo. Pumzi Mzee anasema ataimudu, siku hiyo hatakunywa. Mkojo ananiomba nimpe wangu, nimtilie kwenye kichupa, atakificha ndani ya nguo. Anasema ni jambo dogo, na nikimkatalia tutakosa kazi wote wawili, kwa sababu dereva mpya atakuja na utingo wake. Hapo hasemi uongo, ndivyo kazi hii ilivyo. Nikimpa, najua nitakuwa nampa kila wakipima. Nikienda kwa tajiri, nimemuuza mtu aliyemtibu mama yangu. Na nikinyamaza, ipo siku yule mama wa saa tisa atakuwa mtu kweli.

Nifanyeje?

Utingo, safarini

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na mkojo kwa kuwa una tarehe. Usimpe. Sababu ya kwanza umeshaitaja, kwamba ukimpa mara moja umejiandikisha. Ya pili hukuiona, ingawa umeiandika kwa mkono wako: mkojo wako nao si msafi. Ile habari ya nusu kidonge umeipitia mbiombio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Mzee anataka kukopa kwa mtu ambaye naye amefilisika. Na ya tatu, wapimaji mchezo huo wanaujua kuliko ninyi. Marekani, ambako sheria ya kuwapima madereva wa malori ilipitishwa mwaka 1991, kikombe kikitoka chooni hupimwa joto ndani ya dakika nne, na lazima kiwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Mkojo uliozeeka kwenye kichupa una kazi kufika hapo. Na akikamatwa na mkojo wa mtu mwingine, huhesabiwa kuwa amekataa kupimwa, kosa lililo sawasawa na kukutwa na dawa yenyewe. Huyo wa kwenu sijui atapima vipi, lakini asiyejua kupima joto la kikombe ni mpimaji wa bahati sana kwa Mzee.

Tukitoka hapo, twende kwenye ugonjwa wenyewe, maana barua yako ina mambo mawili makubwa ambayo umeyaandika kama vichekesho vya safarini.

Vidonge siwezi kukuambia ni nini. Kuwa vina mstari katikati si hoja, hata chaki inaweza kuchorwa mstari. Lakini ukichangamka, ukasaga meno, ukakosa usingizi na huku umechoka, hiyo ni tabia ya ukoo wa amfetamini. Dawa hiyo si ngeni. Ilitengenezwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1887 na mkemia Mromania, Lazăr Edeleanu, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua ni ya kazi gani. Miaka ya 1930 ikaanza kuuzwa kama dawa ya pua iliyoziba, kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaipatia kazi nyingine. Askari wa pande zote walimezeshwa dawa za jamii hiyo ili watembee na kuruka angani bila kulala, na vita vilipokwisha, madereva wa malori wakairithi tabia. Wale wa Marekani walivipa vidonge jina la "rubani msaidizi". Nilipolisikia jina hilo nilicheka, na nilipoisoma barua yako sikucheka tena. Rubani msaidizi ni wewe. Mzee anakwambia "ndiyo maana nina utingo", na papo hapo ameshaweka utingo mwingine kwenye kiberiti.

Kidonge hakimalizi usingizi. Kinaziba masikio usiusikie ukigonga. Deni linabaki lilelile na linaongezeka, na siku mwili ukiamua kudai, haudai kwa adabu, unachukua. Sekunde tatu, nne, macho yako wazi na mtu hayupo. Fanya hesabu: gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90 za tela lililojaa mzigo, na kwenye usukani hakuna mtu. Watafiti wawili huko Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya gramu 0.5 katika lita ya damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamshusha dereva kwenye gari. Akifika saa 24, ni kama yuko kwenye gramu 1. Hao walikuwa watu wazima wa afya, hawajagusa kidonge wala chupa. Mzee wako anabeba vyote vitatu kwa pamoja. Yule mama aliyepigiwa honi ya adabu ndiye aliyezaliwa humo. Saa tisa usiku ndiyo saa ambayo mwili wa binadamu, hata uliopumzika, unataka kulala kuliko saa zote. Mtu aliyekesha siku nyingi kwa dawa za namna hii huanza kuota akiwa macho.

Sasa pombe. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu Mzee anaamini kitu ambacho mimi pia nilikiamini miaka mingi: kwamba ukilala, umeamka na pombe imekwisha.

Ini halina haraka. Linasaga takriban gramu saba hadi nane za kileo kwa saa, uwe umelala, umekesha, umeoga maji ya baridi au umekunywa kahawa birika zima. Kachupa ka robo lita, pombe ya asilimia 40, kana gramu zipatazo 79. Gawanya. Ni kama saa kumi. Akikamaliza saa nne usiku, damu inakuwa safi saa mbili asubuhi, na ninyi saa kumi na moja alfajiri mmeshawasha gari. Umesema kamoja hakamtoshi. Basi vikiwa viwili, kufika jioni ya kesho bado anaendesha na pombe ya jana, na juu yake kaongeza vifuniko viwili vya kuzimua. Kwa hiyo ile ya "siku hiyo sitakunywa" haitamsaidia kwenye kipimo cha pumzi. Inabidi asinywe tangu jana yake, na hapo ndipo ninapoogopa.

Ile mikono inayotetemeka mpaka ufunguo unatafuta tundu, kisha inatulia kwa kifuniko, ndiyo jambo la kwanza kati ya yale mawili. Shirika la Afya Duniani lina maswali kumi ya kupima unywaji, na mojawapo linauliza hivi hivi: je, unahitaji kinywaji asubuhi ili uweze kuianza siku? Mwili wake umeshaizoea pombe kiasi kwamba ikikosekana unachafuka. Watu wengi wanajua arosto ya dawa za kulevya. Wachache wanajua kwamba arosto ya pombe ndiyo inayoweza kuua. Mtu wa namna hiyo akikata ghafla, anaweza kuanguka kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne akapata homa, jasho, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Kwa hiyo usije ukamwaga chupa zake kwa hasira za mapenzi. Na akikwambia ataacha mwenyewe wiki moja kabla ya kipimo, kimya kimya, njiani, mwambie hapana. Kuacha kwake kufanyike hospitali au mbele ya daktari. Dawa za kuituliza hali hiyo zipo, ni za zamani na zinafanya kazi, na siku za hatari zenyewe hazizidi wiki moja hivi. Likitokea la kutokea kabla hamjafika huko, akaanguka akitikisika, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu na kichwa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tafuta gari la kumpeleka hospitali. Si lile lenu.

Vidonge navyo vikikatika vina malipo yake, ingawa ni tofauti: usingizi mzito wa siku kadhaa, njaa, halafu huzuni inayoweza kumfikisha mtu mahali pabaya. Akianza kuongea habari za kufa, usichukulie ni maneno ya uchovu. Usimwache peke yake, na daktari aambiwe.

Jambo la pili ni mkoromo. Umehesabu mpaka kumi na nane, na nakushukuru kwa kuhesabu, maana madaktari wengi wangelipia habari hiyo. Mtu anayekoroma, akanyamaza bila kupumua, kisha akashtuka kama anazama, huenda ana ugonjwa wa kuziba kwa njia ya hewa usingizini. Koo linajifunga, hewa inakatika, ubongo unamwamsha kidogo ili asife, na mchezo huo unaweza kurudiwa mara nyingi katika kila saa moja. Kesho yake mtu ataapa kwamba amelala usiku kucha, na kumbe hakulala. Ugonjwa huu ni wa kawaida sana kwa madereva wa malori, hasa walionenepa shingo kwa kazi ya kukaa. Na pombe inaulegeza ukoo wote wa misuli ya kooni, kwa hiyo inauzidisha.

Umeliona fundo lilivyofungwa? Hapumui vizuri, hapumziki. Hapumziki, anameza kidonge. Kidonge kinamnyima usingizi, anakunywa. Pombe inamziba koo, hapumui. Inawezekana kabisa kwamba Mzee alianza kumeza vile vidonge si kwa uhuni, bali kwa uchovu wa ugonjwa ambao hakuna aliyewahi kumwambia anao, kwa sababu anayeusikia ni utingo peke yake.

Hapo ndipo nikupe mlango. Ukimwambia dereva aliyekaa barabarani miaka mingi, "Mzee, wewe ni mlevi, twende hospitali," atakushusha porini. Mwambie kuhusu mkoromo. Mrekodi kwa simu, dakika mbili zinatosha, zile zenye ule ukimya. Kisha tafuta saa nzuri. Asiwe ameshika usukani, asiwe amekunywa, asiwe bado ana moto wa kidonge. Kwa jinsi ulivyoeleza siku zenu, saa hiyo ni finyu: mzigo umeshuka, ameamka, ametulia, hamna haraka. Msikilizishe. Mwache mwenyewe auhesabu ukimya. Mwambie, "Mzee, nimekuwa nikiamka usiku kuangalia kama u hai." Maneno hayo ni ya kweli na hayana tusi ndani yake. Halafu mwambie, kwa sauti hiyo hiyo, kwamba mkojo hutampa, usukani hutaushika tena mpaka uwe na leseni, na kwamba utamsindikiza kwa daktari siku yoyote atakayosema, hata kesho, na daktari mtamwambia yote, mkoromo, vidonge na chupa. Anayekwenda na mkoromo peke yake anaweza kupewa dawa isiyopatana na hayo mengine.

Atakasirika. Atakukumbusha ya mama yako, hata kama hajawahi. Usibishane naye hapo, kubali deni. Mwambie ndilo unalilipa.

Kuhusu tajiri, mwenye kwenda kwake awe Mzee, na aende kabla ya kipimo. Zipo kampuni zenye utaratibu ulioandikwa kwamba dereva akijisema mwenyewe kabla hajaitwa, anapewa likizo ya matibabu na kazi inamsubiri, na aliyekamatwa hapati hiyo nafasi. Kama kwenu upo au haupo, ulizeni ofisini kwa lugha ya jumla, au kwa chama cha wafanyakazi ikiwa mnacho. Mpe Mzee muda, lakini muda wenye mwisho. Mimi ningempa mpaka safari inayofuata. Ikifika siku ya kupakia hajaenda kwa daktari wala kwa tajiri, hupandi. Na tajiri akikuuliza kwa nini hupandi, unasema. Lakini Mzee awe anajua tangu leo kwamba utasema. Kumuuza mtu ni kumfanyia jambo nyuma ya mgongo wake. Ukimweleza kwanza usoni, hilo ni onyo, na kila mtu ana haki ya kuonywa.

Huyo tajiri naye simwachi hivi hivi. Hukuniandikia mnapewa siku ngapi kwa safari, na ningependa kujua. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unataka dereva asizidishe saa tisa za kuendesha kwa siku, asipitishe saa nne mfululizo bila kupumzika, na apate saa kumi za mapumziko kila siku. Nchi zilizouridhia ni chache, lakini hesabu yenyewe imetoka kwenye miili ya watu. Ulaya wana saa tisa pia, na dakika 45 za kupumzika baada ya kila saa nne na nusu. Bosi anayempa dereva ratiba inayotaka saa kumi na nane kwa siku, kisha akamletea kikombe cha mkojo, anapima moshi wa moto aliouwasha mwenyewe. Kwa hiyo kuanzia leo andika kwenye simu yako: saa mliyoondoka, mliposimama, mlipolala, mlipofika, na simu za ofisini za "mko wapi" ziliingia saa ngapi. Mzee akienda kuzungumza, aende na daftari hilo. Halitamsafisha, lakini litaonyesha kwamba hakujitumbukiza peke yake.

Na njiani, kwa hizi siku zilizobaki, jifunzeni kulala kama mnavyojifunza kuendesha. Kinachoondoa usingizi ni kulala tu. Kahawa husaidia kwa muda, na ukitaka ikusaidie vizuri, inywe kisha ulale papo hapo dakika ishirini. Inachukua kama nusu saa kuingia kichwani, kwa hiyo utaamka nayo inaanza kazi. Mimi nilifundishwa hila hiyo nimeshachelewa.

Nilichelewa hivi. Niliendesha miaka kumi na tisa, na utingo wangu wa mwisho alikuwa mpole kama wewe. Alininyamazia miaka minne. Alijua ninakoficha chupa, akawa anainunua nyingine ikikaribia kwisha ili nisisumbuke. Alfajiri moja, barabara kavu, hakuna ukungu, hakuna mnyama, nikaliingiza gari mtaroni. Nikaamka linalia. Walipokuja kuuliza nikasema breki zimefeli. Wakamuuliza yeye, amelala kwenye majani na mguu umegeukia asikokuwa anaelekea, naye akasema breki zimefeli. Fundi aliyekuja kulivuta alizikagua hizo breki, akaniangalia, hakusema kitu. Mpaka leo nikikutana na yule kijana akitembea ananisalimia kwa heshima, na mimi naangalia mguu. Sijui kama angeniambia ningemsikiliza. Huenda ningemfukuza. Angekuwa hana kazi na ana miguu miwili.

Hilo ndilo ninalotaka ulipime ukisema mtakosa kazi wote. Ni kweli mnaweza kuikosa. Utakaa nyumbani mwezi, miwili, utamtafuta dereva mwingine, na hiyo kazi ya kufunga turubai na kugonga matairi unaijua, hakuna atakayekunyang'anya. Ukipata nafasi, weka kando pesa ya leseni, maana kwa unavyoandika wewe ni dereva ambaye bado hajaitwa kwa jina hilo. Lakini ukikamatwa kwenye usukani bila leseni, na nusu kidonge damuni, na kiberiti mfukoni, leseni hiyo huenda usiipate kamwe. Ukigonga mtu hata bima ina sababu ya kukugeuzia mgongo.

Wewe mwenyewe, kwa mara mbili tatu ulizomeza, acha tu, hutahitaji dawa ya kuacha. Ukiona unakitamani kile kidonge hata siku ambayo hamsafiri, unamwambia daktari huyo huyo wa Mzee.

Kiberiti mrudishie leo akiamka, kabla hamjapakia. Usikitupe, atanunua kingine na atakuficha. Mkabidhi mkononi, umwambie hutakishika tena, kisha umchezee ile sauti ya mkoromo. Halafu niandikie alisema nini.